Dirisha la Karani: Anwani ya mjomba na shule nzuri ya viungani

Kwa wasomaji wapya, nijitambulishe kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani. Kwa miaka 14 nilikaa nyuma ya dirisha la kioo katika sekondari moja ya umma nje kidogo ya Washington, upande wa Maryland, kazi yangu ikiwa kuandikisha wanafunzi. Mwenye mtoto mgeni alinipitia mimi kabla hajamwona mkuu wa shule. Sasa nimestaafu na magoti yananisumbua, ila barua za shule bado nazipenda. Za wachumba mpelekeeni mwingine.

*

*Shikamoo Bi Karani. Mimi na mume wangu tunaishi Germantown, Maryland, apatimenti ya vyumba viwili. Binti yetu anaingia darasa la tisa mwisho wa Agosti. Kaka yangu ana nyumba Bethesda, ndani ya mipaka ya shule ya Walt Whitman. Anasema tuandike anwani yake, mtoto aendelee kulala kwetu, baba yake amshushe asubuhi. Wabongo wote hapa wanasema shule ile ndiyo shule. Tufanye?*
*Mama Binti, Germantown*

Marahaba, mwanangu. Msifanye. Lakini "msifanye" tupu haimsaidii mzazi, kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu.

Tuanze na barabara. Sekondari za kaunti ya Montgomery zinaanza saa 1:45 asubuhi. Kutoka kwenu hadi Bethesda mnapita barabara ya 270, na hiyo 270 ya asubuhi unaijua kunishinda. Binti ataamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka minne, na siku baba yake akipangiwa zamu nyingine, shule itakuwa imekufa siku hiyo.

Halafu hiyo anwani. Watu hudhani uongo wake unakwisha siku ya kuandikisha. Nikuambie tulivyokuwa tunawajua, na wala hatukuwa wapelelezi. Ripoti ya muhula ilitumwa nyumbani kwa posta, baada ya wiki mbili inarudi na kile kibandiko cha njano: mpokeaji hayupo hapa. Au mtoto anaumwa tumbo saa nne, tunampigia mama aje, nyumba iko dakika kumi kwa mujibu wa fomu, mama anafika baada ya saa nzima anahema. Au namuuliza mtoto mwenyewe, kwa wema tu, "Unapanda basi namba ngapi?" Anamgeukia mama yake. Nikiiona shingo ile inageuka, nimeshajua. Na moyo uliniuma, kwa sababu mara nyingi mama yule alikuwa mwenzetu, ametoka zamu ya usiku, kitambulisho cha nyumba ya wazee bado kinaning'inia kifuani.

Ikigundulika, mtoto anarudishwa shule ya mtaa wenu katikati ya mwaka. Hilo ndilo jepesi. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, aliyetumia anwani ya baba yake mzazi ili wanawe wasome wilaya ya jirani, alihukumiwa kwa kughushi nyaraka akalala jela siku tisa. Kelele zilikuwa nyingi, na baadaye gavana akampunguzia kosa likawa dogo. Yule alikuwa raia. Wewe kama karatasi zako za uhamiaji bado ziko njiani, usiweke saini yako juu ya jambo la kughushi, hata kaka akisema "kila mtu anafanya".

Njia halali ipo. Ndani ya kaunti hiyohiyo kuna maombi ya kubadilishiwa shule, watu wa huko huyaita COSA, yanayofunguliwa kila mwaka kuanzia Februari. Yanataka sababu nzito yenye ushahidi: matatizo makubwa ya familia, au ndugu yake anasoma pale tayari. "Shule ile inasifika" si sababu, nimeziona barua za namna hiyo zikirudi zote. Na kama binti anacheza soka ajue kabisa, sekondari akihama kwa njia hiyo anakaa nje ya timu za shule mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye hiyo sifa yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotea.

Kwetu tulizoea shule nzuri kuwa ya kufaulu kuingia. Unafanya mtihani wa darasa la saba, jina linatoka, unapelekwa Kilakala au Ilboru, hata kama baba yako ni mvuvi. Sekondari ya umma ya viungani Marekani haichagui mtoto. Inachagua nyumba. Mchoro wa mipaka unapita katikati ya mtaa, upande huu shule hii, upande ule shule ile, na matangazo ya nyumba yanaandika jina la shule pamoja na idadi ya vyoo. Nyumba ya kawaida ya Bethesda inapita dola milioni moja. Ndiyo maana nasema shule ile si ya bure. Ada yake mtu anailipa benki kila mwezi kwa miaka 30.

Katika majimbo mengi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kila mji una wilaya yake ya shule na kodi yake ya majengo. Wazazi wa San Antonio, Texas, waliipeleka hoja hiyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura tano kwa nne. Maryland imepona kidogo, kwani kule kaunti nzima ni wilaya moja. Mwalimu wa Germantown na mwalimu wa Bethesda wanalipwa kwa ngazi zilezile za mishahara. Vitabu vinatoka ofisi moja. Basi tofauti iko wapi? Iko kwa wazazi. Mzazi wa Bethesda ana mwalimu wa ziada wa kulipa, ana muda wa kuja saa nane mchana, na anajua cha kudai akifika.

Hilo la kudai nililijua kwa kuchelewa. Mwaka 2001 nilihamisha familia kutoka chumba cha bei nafuu, nikapanga besmenti yenye dirisha moja la juu, unaona miguu ya wapita njia tu. Sababu ilikuwa moja, iko ndani ya mipaka ya shule iliyosifiwa. Nikachukua kazi ya pili ili niilipe. Binti yangu akaingia, mimi nikalala usingizi nikijua nimemaliza. Miezi mitano baadaye alikuja na rafiki yake kufanya kazi ya nyumbani. Walipotoka kwenda kununua soda, nikaona ratiba zao mbili juu ya meza, karatasi za aina moja, nembo moja. Ya yule msichana: baiolojia ya Honors, yaani ya ngazi ya juu, jiometri ya Honors, historia ya AP, yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari. Ya mwanangu: aljebra ya mwanzo, ile aliyoimaliza Tanga, sayansi ya jumla, na saa nzima inayoitwa "msaada wa masomo" ambayo walikuwa wanachora. Jengo moja, mlango mmoja, shule mbili. Nilizisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Kumbe alipangwa hivyo siku ya kwanza, na karani na konsela, yaani mshauri wa masomo, waliotazama ripoti yake kwa dakika tano. Hakuna aliyemrudia kumtazama tena, na mimi sikujua kwamba mtu anaruhusiwa kuuliza. Nilipouliza, alibadilishiwa masomo mawili ndani ya wiki. Mwaka ule wa hisabati hakuurudisha mtu.

Kwa hiyo nenda shule ya mtaa wenu, mwanangu, kabla Agosti haijaisha. Germantown hamkosi shule. Seneca Valley peke yake ina jengo jipya la mwaka 2020 na ina IB, ile programu ya kimataifa ya masomo mazito. Omba miadi na konsela wa darasa la tisa, usimvizie dirishani, huko utamkuta karani mwenye foleni. Muulize maneno haya: "Mwanangu amepangwa hisabati gani, na kutoka hapo atafika kalkulasi darasa la kumi na mbili?" Akisema hatafika, muulize afanye nini kiangazi hiki ili afike. Uliza masomo gani ni ya Honors, na nani anaamua. Kwa AP, uliza yapo mangapi na yanaanza darasa la ngapi. Andika majibu kwenye daftari mbele yake. Hakuna kitu kinachomfanya mtumishi wa ofisi aseme kwa uangalifu kama kalamu ya mzazi.

Na kama ana mdogo wake, akifika darasa la nane ulizeni mapema programu za kuomba na kuchaguliwa, zile wanazoziita magineti. Blair ya Silver Spring inayo ya sayansi, hisabati na kompyuta tangu 1985, na upande wenu wa juu wa kaunti ilikuja kuwekwa Poolesville, kamji kadogo ka mashamba ambako huwezi kudhani. Kule ndiko kunakofanana na Ilboru: mtoto anachaguliwa kwa kichwa chake. Maombi ni mwaka huo wa darasa la nane, kwa hiyo kwa binti mkubwa treni imeshapita.

Mjomba mshukuru. Mwambie akitaka kusaidia, awe anamchukua binti Jumamosi kumfundisha hesabu.

*

*Bi Karani, mimi niko Mbezi, Dar es Salaam. Kijana wangu yuko kidato cha pili, ana akili. Dada yangu ni raia wa Marekani, anaishi Silver Spring, amekubali kumlea. Nimesikia sekondari za umma kule ni bure hata kwa mgeni. Nimtafutie viza ya kutembea, akifika aandikishwe?*
*Baba Kijana*

Ndugu yangu, umeambiwa nusu. Viza ya kutembea hairuhusu kusoma shule. Akienda nayo akakaa darasani, anavunja masharti ya viza yake, na kitu hicho kitamsubiri siku anaomba viza ya chuo.

Viza ya mwanafunzi, F-1, ipo, lakini sheria ya 1996 iliibana. Katika shule ya umma inatolewa kwa sekondari tu, kwa muda usiozidi miezi 12, na mzazi analipa kwanza gharama kamili ya kumsomesha mtoto mmoja kwa mwaka, ambayo ni maelfu mengi ya dola. Baada ya mwaka huo lazima aondoke au ahamie shule ya binafsi. Wilaya nyingi hazipokei kabisa wanafunzi wa F-1.

Dada yako kuwa raia hakubadilishi hilo. Maryland inamruhusu ndugu kumwandikisha mtoto anayemlea kwa sababu ya msiba wa familia: mzazi amefariki, anaumwa sana, yuko jela, amemtelekeza. Wewe uko Mbezi, mzima, unaniandikia. Usikubali mtu akuandikie kiapo kwamba umemtelekeza mwanao. Niliwahi kuletewa kiapo kama hicho dirishani, na baba "aliyetoweka" akapiga simu wiki iliyofuata kuuliza maendeleo.

Mwache amalize kidato cha nne vizuri. Pesa uliyotaka kununulia tiketi mtafutie mwalimu mzuri wa hesabu na fizikia hapo Dar.

*

*Mama, sisi tuko Maryland lakini karatasi zetu zilikwisha muda. Naogopa kumpeleka mtoto kuandikishwa. Wataniuliza?*
*Bila jina*

Mpeleke. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 1982, kesi iliyotoka Texas, shule ya umma haina ruhusa ya kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Dirishani tuliomba umri wa mtoto, chanjo, ushahidi wa makazi na ripoti ya shule. Kama mmejibanza kwa ndugu kwa sababu ya ugumu wa maisha na mkataba wa pango si wenu, sema hivyohivyo. Kuna sheria nyingine inayomlinda mtoto asiye na makazi ya kudumu, anaandikishwa hapohapo na karatasi zinatafutwa baadaye.

*

*Shikamoo Bi. Viza zetu za familia zimetoka, mume wangu yuko Rockville miaka sita sasa. Mwanangu amemaliza kidato cha pili Moshi. Nibebe nini cha shule?*
*Mama Moshi*

Marahaba, na hongera. Swali lako ndilo ningetamani niulizwe na kila mtu kabla hajapanda ndege.

Kitu cha kwanza ni karatasi moja ambayo hakuna anayeikumbuka. Mwombe mkuu wa shule aandike, kwa barua yenye nembo na muhuri, maana ya alama zenu. Kwa NECTA, kidato cha nne, A inaanzia 75, B inaanzia 65, C inaanzia 45. Montgomery A inaanzia 90, na 68 wanaiita D. Sasa fikiria karani ambaye hajawahi kusikia Moshi, ameshika ripoti yenye 68 ya hisabati iliyompa mtoto nafasi ya nne kati ya 90. Anaona mtoto dhaifu. Ndivyo 71 ya binti yangu ilivyomrudisha aljebra ya mwanzo. Barua ikiwa na mizani ya alama na nafasi yake darasani, macho yanabadilika.

Pili, hesabu. Sisi tunasoma "Hisabati" moja, ndani yake mna aljebra, jiometri, takwimu, mpaka uwekaji wa hesabu za biashara. Wao wameikata vipande, mwaka wa aljebra, mwaka wa jiometri, kisha aljebra ya pili. Ripoti ikisema "Basic Mathematics" hawajui wamweke kipande kipi, na asiyejua humweka chini ili awe salama. Beba orodha ya mada za kidato cha kwanza na cha pili, na madaftari mawili ya mtoto mwenyewe. Ndiyo, madaftari. Nilimwona baba mmoja Mkenya akilifungua daftari la mwanawe juu ya kaunta yangu, milinganyo imepangwa safi kwa wino wa bluu, konsela akaita mwalimu wa hisabati aje aone. Kijana aliingia aljebra ya pili asubuhi ileile.

Kadi ya chanjo ibebe, ya asili. Chanjo ya tetekuwanga na ile ya uti wa mgongo wataitaka, na kwenye ratiba yetu ya kliniki huwa hazimo, kwa hiyo mtoto atachomwa kule. Cheti cha kuzaliwa pia.

Mtaanzia ofisi ya kaunti inayopokea wanafunzi kutoka nchi za nje, iko hapohapo Rockville. Wataulizia lugha ya nyumbani. Wazazi wengine hudanganya, wanasema Kiingereza, wakiogopa mtoto kuwekwa darasa la wageni. Sema Kiswahili. Atapewa mtihani wa kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Mfundishe jambo moja, aongee kwa sauti. Watoto wetu wamelelewa kumjibu mkubwa kwa ufupi na kwa kuinamisha macho, na mtahini anaandika kwamba hajui Kiingereza. Akipangwa darasa la lugha si kifungo, hupimwa tena kila mwaka, na mzazi ana haki ya kukataa huduma hiyo. Ila usikatae kwa ajili ya fahari.

*

*Bibi shikamoo. Niko darasa la 11, shule yetu inasifiwa sana. Nina AP tano. Nalala saa nane usiku, naamka saa kumi na mbili. Wenzangu wengine wana AP sita. Nilipata B ya fizikia nikalia chooni. Mama akisikia nataka kuacha moja atasema "watoto wa wenzako wanaweza".*
*Mjukuu, Maryland*

Marahaba, mjukuu wangu. Nimekaa na watoto kama wewe miaka 14. Walikuwa wanakula chakula cha mchana sakafuni kwenye korido, mgongo kwenye kabati, kadi za kukariri mkono mmoja, kipande cha piza mkono mwingine. Mmoja alinijia dirishani kuomba kibali cha kuchelewa akasahau jina la mwalimu wake wa saa ya kwanza. Ilikuwa Machi.

Nikwambie hesabu ya karani. AP moja ni mtihani wa Mei, alama ni 1 hadi 5, na ada yake ni karibu dola 100, wenye kipato kidogo hupunguziwa. Ukipata 3 nyingi tu kwa sababu ya usingizi, vyuo vingi vinavyobana havikupi chochote kwa hizo 3. Ukipata 4 na 5 kwenye masomo matatu au manne, umepunguza ada ya chuo kwelikweli. Na kama kuna somo unalipenda lakini AP yake inakumaliza, uliza masomo ya Montgomery College kwa wanafunzi wa sekondari za kaunti. Unasoma bila kulipa ada ya masomo, krediti inahesabika huku na huku.

Lile somo la tano linalokukesha, liache. Nenda kwa konsela wiki hii, kwa sababu kuna tarehe ambayo ukiivuka, kuacha somo kunabaki kwenye kumbukumbu zako. Mwulize tarehe hiyo ni ipi. Mwambie pia kuhusu kulia na kuhusu saa nne za kulala, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia.

Saa zako 75 za kujitolea umezimaliza? Bila hizo Maryland haikupi cheti hata uwe na AP ishirini. Kila Juni nilikuwa na mtoto mmoja mwenye A tupu anayekimbizana na saa sita zilizobaki.

Fomu ya kubadilisha masomo itahitaji saini ya mzazi. Usimpe mama akiwa anavaa viatu kwenda zamu. Msubiri arudi, aoge, ale, umpikie chai, ndipo uitoe.